Sakale Wamehama Bila Kuniaga

Jumatano, 24 Aprili

Sakale, wale samaki wapana wa ziwani kwetu, wamehama. Bila kuaga! Machi walikuwa hapa hapa, kwenye matete ya ukingo wa kusini, maji ya magotini, wanataga mayai na kugombania ndoana yangu. Leo nimekaa tangu alfajiri mpaka saa saba mchana, boya limesimama wima juu ya maji wala halikutikisika. Samaki niliowapata: hakuna. Mbu walionipata: wote.

Na hili linatokea wakati gani? Wakati huu! Jumapili baba mkwe wangu, Mzee Ozeme, alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mikono yake imechoka na hatakaanga tena. Karai lake la chuma, alilorithi kwa baba yake, litakwenda kwa mkwe atakayeleta samaki wa kulisha watu siku ya Komunyo ya Kwanza ya mjukuu wangu Camille, tarehe 5 Mei. Sakale, alisema. Si samaki mwingine. Na wakwe ni wawili tu: mimi, na Hewitt aliyemwoa Earline, mdogo wa mke wangu.

Kabla Hewitt, mwanyumba wangu, hajafungua mdomo, nilikuwa nimeshasimama. Nikasema nitaleta hamsini. Watu wakapiga makofi. Lovenia, mke wangu, hakupiga.

Karai hilo hubebwa na wanaume wawili. Limekaanga samaki wa harusi yangu. Mwenye karai ndiye anayekaa kwenye kiti karibu na moto, ndiye anayeulizwa kama chumvi imetosha. Mimi katika ukoo huu nimemenya viazi miaka thelathini na moja. Inatosha.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimerudi kwenye matete yale yale. Labda jana walikuwa na shughuli. Hakuna.

Nikapita kwa Bi Mazie anayeuza vidagaa hai vya chambo pale gatini. Sikumuuliza chochote. Nilisema tu, kwa sauti ya kutosha, kwamba samaki wa siku hizi hawana msimamo. Yeye akaanza kunifundisha, mbele ya wateja!

"Wameshazaa, Eustis. Ulitaka wabaki wodini mpaka lini?"

Akaeleza kwamba sakale akishataga huchoka, akaacha ukingo, akarudi maji ya kina. Huko hujikusanya penye kivuli na matawi yaliyozama: midomoni mwa mifereji, chini ya madaraja, chini ya magati. Nilimjibu kwamba nina miaka sitini na mitatu na hayo nayajua tangu sijaota ndevu. Wateja wakacheka. Sijui walicheka nini.

Ila njiani nilikumbuka jambo. Miti yangu! Kila Januari watu hutupa miti yao ya Krismasi barabarani, na kila mvuvi anayejiheshimu huiokota, akaifunga matofali ya saruji na kuizamisha ziwani ili samaki wapate nyumba. Mwaka huu nilizamisha kumi na mmoja. Kumi ya barabarani, na mmoja wa kwetu sebuleni. Huo niliunyakua siku Lovenia alipokuwa misani, kwa sababu niliona gari la Hewitt likija mtaani polepole, linaokota kila mti. Niliutoa kwa mlango wa nyuma kama ulivyo. Hakuupata!

Sasa wote wamo humo chini, miti yangu, na ndani yake samaki wangu. Nimelala mchana wote kwa raha.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Nimekaa nyumbani, na nyumbani ni kubaya kuliko mvua. Lovenia anapanga viti vya Komunyo na hataki dada yake akae meza moja naye. Hawajasemezana tangu Januari. Sababu ni ile nyota.

Nyota yenyewe ni ya bati. Mzee Ozeme aliikata kwenye kopo la kahawa mwaka aliooa, akamkwaruzia mkewe herufi za jina lake kwa nyuma kwa msumari. Kila Krismasi ilikaa kileleni mwa mti. Mama mkwe alipofariki akaiacha kwa Lovenia, ndiye binti mkubwa. Earline aliitamani, kila mtu anajua. Alikuja kunywa kahawa siku ya mwaka mpya, na wiki ile ile nyota ikapotea. Lovenia ameshapekua kila sanduku. Jana usiku aliilia tena.

Mimi siingilii mambo ya ndugu. Ila nilimwambia, kwa kumfariji tu, kwamba shemeji Earline ana mkono mrefu.

Jumamosi, 27 Aprili

Ni lazima nieleze, ili atakayesoma ajue mimi si mjinga. Miti ya ziwani haiwekewi boya. Ukiweka boya umewapigia watu kengele. Unatafuta alama nchi kavu. Yangu ilikuwa nzuri kupita zote: nyumba ya kuelea ya Clovis, rangi ya kijani, imefungwa mdomoni mwa mfereji wa pili. Unaiweka sawasawa na ule mti wa saiprasi uliokauka, unapiga makasia arobaini kuelekea katikati, unasimama. Hapo.

Leo nimepiga makasia arobaini. Nikashusha kidagaa. Nikangoja. Nikasogea, nikangoja tena. Kutwa nzima nimepata kambare mmoja na kobe wa maji mmoja, na kobe alinifokea. Ndoana haikunasa hata tawi. Miti kumi na mmoja haiwezi kuota miguu!

Saa tisa Hewitt akapita kwenye boti yake yenye kile kioo cha kuonea samaki. Akavua kofia kunisalimu, akauliza napumzika au navua. Nikamwambia navua. Akasema hongera. Mtu wa namna hiyo anapewa karai? Anatazama samaki kwenye kioo kama anatazama mpira!

Jumatatu, 29 Aprili

Sina la kusema. Nitasema hata hivyo.

Clovis alihamisha nyumba yake! Februari! Aligombana na jirani juu ya mbwa, akakata kamba, akaikokota nyumba mpaka mdomo wa mfereji wa tatu, akaifunga huko, ambako nako, bahati ya mwizi, kuna saiprasi iliyokauka. Hakumwambia mtu. Nimevua Jumamosi nzima mahali pasipo na kitu, kwa sababu mtu mzima hawezi kuvumilia mbwa!

Nilimwendea. Nikamkuta anakula soseji ya wali kibarazani, miguu ndani ya ndoo. Nilimuuliza kwa upole kama anajua watu wangapi wanategemea nyumba yake isimame mahali pamoja. Akatafuna. Nikamwambia kwamba nyumba ni nyumba kwa sababu haiendi popote.

"Nyumba yangu, kamba yangu," akasema. "Maji ya Mungu. Wewe hasa umepoteza nini?"

Siwezi kumwambia nimepoteza nini. Ni siri! Nikamwambia sijapoteza kitu, nikaondoka. Kisha nikaenda mfereji wa pili kutafuta ilipokuwa nyumba. Ukingo wote umefanana. Matete, matete, yangeyange, matete. Huyo yangeyange alinitazama vibaya.

Zimebaki siku sita.

Jumanne, 30 Aprili

Mpango mpya. Adui akijua njia, mfuate adui.

Hewitt aling'oa nanga saa kumi na mbili. Nikamwacha atangulie mita mia mbili, nikafuata, injini ndogo, kofia usoni. Akaingia mfereji mkuu. Nikaingia. Akakata kushoto, nikakata kushoto. Akasimama chini ya daraja la treni, akashusha mshipi. Nami nikasimama nyuma ya nguzo na kushusha wangu.

Saa tatu nzima! Hakuvuta kitu, nami sikuvuta kitu. Alikula mkate. Alikata kucha. Mwisho akanisogelea mpaka nguzoni, akaninyooshea kikombe cha kahawa, akasema daraja hili halijawahi kuwa na sakale tangu lijengwe, yeye huja Jumanne kupumzisha mgongo. Akanionyesha ndoana yake. Haikuwa na chambo.

Kahawa niliinywa. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi, 2 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi niliazima boti ya jirani, ya rangi nyingine, nikaificha kwenye matawi mdomoni mwa mfereji wa pili. Nilikuwa na darubini. Saa mbili Hewitt akapita, peke yake, hana wasiwasi. Akaenda ziwani, mahali peupe pasipo na alama yoyote. Akatazama kioo chake. Akashusha mshipi, akavuta sakale. Akashusha, akavuta. Taratibu, maana midomo ya sakale ni laini kama karatasi, ukivuta kwa hasira inachanika. Nikahesabu ishirini kabla sijaanza kutukana.

Kisha nikatazama nyuma yangu, nikatazama mbele. Kamba kuu ya nyumba ya Clovis ilikuwa bado imefungwa kwenye shina, imekatwa nusu, pale pale nilipojificha. Nikapiga mstari kwa macho mpaka ile saiprasi ya mwanzo, nikageuka katikati ya ziwa. Makasia arobaini. Hewitt amekaa juu ya miti yangu!

Nikawasha injini. Desturi ni kwamba aliyetangulia mahali anaachiwa mahali, unakaa mbali naye urefu wa mishipi miwili. Niliipita desturi hiyo kwa kasi. Boti zetu zikagongana. Nikamwambia anyanyuke, anavua kwenye miti yangu, niliyoiokota kwa mikono yangu na kuizamisha kwa mgongo wangu, na samaki wote waliomo pipani mwake nimewalisha mimi.

Hewitt akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kioo kilimwonyesha miti, hakikumwonyesha jina. Akauliza nina ushahidi gani. Wakati huo huo ndoana yake ikanasa. Akavuta pole pole. Haikuwa samaki. Ilikuwa kitu bapa, kijani kwa ukoga, kinazunguka kwenye mshipi. Akakifuta kwa kidole. Bati. Ncha tano. Akakigeuza nyuma, akasoma zile herufi.

Nikaukumbuka ule mti wa sebuleni, mlango wa nyuma, haraka ile. Kama ulivyo. Mungu wangu!

"Mwanyumba," akasema, na hakuwa anacheka. "Mke wangu ameitwa mwizi miezi minne. Sasa nakuuliza mara moja. Ukisema miti hii ni yako, nanyanyuka sasa hivi, nakuachia mahali na samaki wote pipani, karai uchukue. Ni yako au si yako?"

Nikatazama pipa. Lilikuwa limejaa sakale, wanang'aa, wazuri, wapana kama kiganja. Nikatazama nyota. Nikamwona Lovenia na masanduku yake. Nikajisikia nikisema yale maneno ya mkono mrefu.

"Si yangu," nikasema.

Hewitt akaitia nyota mfukoni, akafunga kifungo, akashusha mshipi tena. Nikarudi nyumbani. Boti ya jirani imebonyea ubavuni. Hayo yote ni kosa la Clovis na mbwa.

Jumamosi, 4 Mei

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Sawa. Mimi sijashindwa bado.

Nimepata kambare wa bwawani kilo nyingi. Nimewatoa ngozi, nimewakata vipande vidogo vya umbo la sakale, nimevilaza kwenye maziwa ya mgando usiku kucha vipoteze tabia. Nitavifunika unga wa mahindi mzito na pilipili. Nyama nyeupe ni nyama nyeupe. Nani atajua? Mzee ana miaka themanini na minne na meno saba.

Kuhusu nyota, nimefikiri. Hewitt ni mtu wa haya. Hatasema kitu siku ya Komunyo ya mtoto.

Jumapili, 5 Mei

Camille alipendeza. Hilo liandikwe kwanza, maana baada yake hakuna zuri.

Karai lilikuwa juu ya moto uani kwa Mzee Ozeme, mafuta yanachemka. Mimi nikakaanga vyangu kwanza. Hewitt akakaanga sakale wake hamsini baada yangu. Sinia mbili zikaletwa mbele ya mzee, watu wakasogea. Mzee akachukua kipande changu. Akatafuna muda mrefu, kwa meno yale saba. Akameza.

"Mkwe," akasema, "samaki huyu alikuwa na sharubu."

Uani kote kicheko! Hata padri! Nikasimama kupinga, nikasema ni dhuluma, ulimi wa mzee umechoka kama mikono yake. Hapo Earline akanyanyuka. Akatembea mpaka meza ya dada yake, akaweka nyota mbele ya sahani. Ilikuwa imesuguliwa, inang'aa.

Lovenia akaitazama. Akamuuliza Earline imetoka wapi. Earline akasema mwulize Hewitt. Hewitt akasema aliitoa ziwani Alhamisi, kileleni mwa mti wa Krismasi uliozamishwa. Akaongeza kwamba hajui mti ni wa nani, maana mwanyumba wake amemthibitishia kwa kinywa chake kwamba si wake. Mtu mnafiki! Anasema kweli tupu, halafu anakaa chini!

Lovenia akanigeukia polepole.

"Baba Renelle. Nilikwambia nini kuhusu ule mti?"

Aliniambia nimngoje avue mapambo. Nilikumbuka vizuri kabisa. Nikasema sikumbuki.

Akamwendea dada yake na kumshika mikono, na wale wanawake wawili wenye wajukuu wakalia kama watoto, wakiombana msamaha, Earline akiomba ingawa hakukosa. Mzee Ozeme akaichukua nyota, akapitisha kidole kwenye zile herufi alizokwaruza mwenyewe. Niliona aibu. Naiandika hapa ili ijulikane kwamba niliiona, kwa muda.

Kisha mzee akahukumu. Akasema wakwe zake ni wawili, mmoja amejua nyota iko wapi siku tatu akanyamaza, mwingine akakana mti wake mwenyewe kama Petro. Karai halitakwenda kwa mkwe yeyote. Litakaa kwa mabinti, mwaka mmoja kwa Lovenia, mwaka mmoja kwa Earline, kwa zamu mpaka dunia iishe. Wakwe watalibeba.

Tulilibeba. Mimi upande mmoja, Hewitt upande wa pili, mpaka jikoni kwangu. Alinipa pole. Sikuipokea.

Jumanne, 7 Mei

Lovenia ameenda kwa Earline tangu asubuhi. Wanashona mapazia, wanacheka, hawanikumbuki. Vizuri. Mtu mwenye akili hutumia nafasi.

Kosa lote la mwaka huu nimeligundua. Si samaki, si miti, wala si mimi. Ni alama! Nyumba ya kuelea inaelea, jina lenyewe linasema. Nimetafuta alama nyingine na nimeipata. Nikakata matawi mengi ya mianzi nyuma ya nyumba, nikayafunga kifurushi kikubwa, mara mbili ya miti ile, ili wale sakale waliochoka wapate ikulu. Mwakani hamsini watakuwa mchezo.

Matofali yalikuwa yameisha. Mianzi bila kitu kizito huelea, na Hewitt alikuwa amepita mara mbili na gari lake akitazama tazama. Sikuwa na muda. Nikaona kuna kitu kizito kimekaa tu jikoni, hakina kazi yoyote mpaka Komunyo ijayo. Nimekisukuma kwa toroli peke yangu. Kimezama vizuri sana, sawasawa, bila kuyumba. Chuma ni chuma. Nitakitoa kabla zamu ya Earline haijafika, na hakuna atakayejua.

Alama ni hii, nisije nikaisahau: ng'ombe mmoja mweupe wa Clovis, anayesimama juu ya tuta, kichwa mashariki. Piga makasia thelathini kutoka kwake. Nimemtazama saa nzima. Hakusogea hata hatua moja.